Kupona na Kutulia: Mhadhara Kuhusu Soriasisi Katika Nyanda za Ufipa

(Mhadhara huu ulitolewa Sumbawanga mwishoni mwa Oktoba mbele ya walimu, watumishi wa afya, viongozi wa dini na wananchi. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa, na maneno ya pembeni kwa wasikilizaji yameachwa mahali pake.)



Barua ya Mwenyekiti iliniomba nizungumzie magonjwa ya ngozi. Nilimpigia simu nikamwambia, mzee wangu, hayo ni mamia, na ulichonipa ni saa moja, watu watasinzia. Akacheka, akasema basi chagua moja. Nimechagua soriasisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kalenda: tarehe 29 Oktoba ndiyo siku ya ugonjwa huu duniani. Ya pili ni deni. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwatibu vibaya watu wenye soriasisi, kwa moyo mweupe na kwa kujiamini kabisa, na baadhi yao tunakutana sokoni hadi leo.

Lengo langu jioni hii ni dogo. Kiswahili kina neno kupona, na kina neno kutulia. Ziwa hutulia, wavuvi wa Kasanga wanalijua hilo, lakini sijamsikia mvuvi akisema ziwa limepona. Nataka kila atakayetoka humu aweze kumwambia ndugu yake mwenye soriasisi ni neno lipi kati ya hayo mawili linalomhusu, na kwa nini lile jingine limemmalizia ng'ombe zizini.

Hoja ya kwanza: hii ni ngozi yenye haraka

Ngozi ya mtu haikai ilivyo. Seli huzaliwa chini, zinapanda polepole zikikomaa, zikifika juu zimeshakufa na kukauka, kisha zinapukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua karibu siku 28. Kwa mwenye soriasisi huchukua siku tatu mpaka tano. Mnaochoma matofali mmenielewa tayari: tanuru linafunguliwa kabla tofali halijaiva, mabichi yanatolewa na kurundikwa juu ya mabichi wenzake, na fundi bado anafyatua. Rundo hilo ndilo magamba meupe mnayoyaona kwenye viwiko, magotini, kichwani, kiunoni kwa nyuma. Ukilibandua gamba, chini yake hutokea vitone vidogo vya damu.

Anayemharakisha fundi ni nani? Ni kinga ya mwili. Askari waliowekwa kupambana na vijidudu wamekusanyika ngozini wanapiga yowe la mwizi, na mwizi hayupo. Mwelekeo wa kuwa na kinga ya namna hiyo hurithiwa, ingawa mtu anaweza kuubeba maisha yake yote asiugue. Wengine huamshwa na kitu. Kwa watoto na vijana mara nyingi ni mafindofindo: koo linauma, linapoa, baada ya wiki mbili tatu mwili mzima unajaa vidoa kama matone ya mvua. Kwa wengine ni msiba, au jeraha, au dawa. Klorokwini ni mojawapo ya dawa zinazojulikana kuuchochea ugonjwa huu, na wazee wenzangu mnakumbuka kwamba mpaka mwaka 2001 hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini; kila homa, klorokwini. Sina njia ya kujua ni wangapi waliamshiwa soriasisi hivyo, ila sasa nikikumbuka nyuso fulani nawaza.

Kwa kuwa hakuna kijidudu, hakuna kuambukizana. Kula naye sahani moja, lala naye kitanda kimoja, mpakate mtoto wake. Naona mama mmoja pale mbele ameshusha pumzi. Ndiyo mama, nimesema kitanda kimoja.

Neno moja kwa matabibu. Vitabu tulivyosomea vinasema "bakabaka jekundu", na picha zake ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakuta rangi ya zambarau iliyofifia, au kijivu cha majivu, au weusi uliozidi weusi wa mwenyewe. Tazama kingo: zimechorwa wazi kama mpaka wa shamba. Kisha mwombe mgonjwa akuonyeshe kucha. Kucha zenye vishimo vidogo vidogo, kama zimechomwachomwa na ncha ya sindano, zimenisaidia kuliko darubini.

Hoja ya pili: majina tunayoupa

Nilianza kazi katika zahanati moja ambayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Alikuja kijana mwenye mabaka ya magamba mgongoni na kichwani. Nikaandika "mba". Nikampa griseofulvini, dawa ya fangasi, mwezi mzima. Akarudi vilevile. Nikampa mwezi wa pili, nikamuuliza kwa ukali kama kweli anameza. Mwezi wa tatu hakurudi. Alikuwa anameza kila siku, kwa pesa ya maharage ya mama yake, dawa isiyohusiana hata kidogo na kilichokuwa kinamsumbua. Miaka baadaye nilipelekwa Moshi, pale KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, matabibu wa mikoani, na siku ya kwanza mwalimu alipotuonyesha soriasisi ya kichwani niliinamisha macho.

Mba ni jina la kwanza. La pili ni ukurutu, la tatu kaswende. Na kweli kaswende ya hatua ya pili yaweza kufanana na soriasisi, ndiyo maana kipimo cha damu si matusi. Jina la nne ndilo linalovunja nyumba: ukoma.

Hapa niwaombe radhi mapadre na wachungaji, nitaingia kidogo kwenye uwanja wenu. Kitabu cha Walawi, sura ya 13, kinaeleza kwa kirefu namna kuhani alivyotakiwa kumkagua mtu mwenye doa la ngozi na kumtenga. Tafsiri zetu zinasema ukoma. Na kumbukeni habari ya Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, na mtumishi Gehazi aliyeondoka ngozi ikiwa nyeupe mfano wa theluji. Sisi tulioutibu ukoma tunajua kwamba haumfanyi mtu kuwa mweupe hivyo. Wataalamu wengi wanaona kwamba neno la Kiebrania lililotumika hapo lilikusanya magonjwa mengi ya magamba, na soriasisi huenda ilikuwa mojawapo. Hata Ulaya magonjwa haya mawili yaliendelea kuchanganywa mpaka karne ya 19, daktari wa Vienna, Ferdinand von Hebra, alipoyatenganisha rasmi mwaka 1841. Sisemi Biblia ifutwe. Nasema mtu asitengwe na familia kwa doa ambalo hata makuhani wangelazimika kulitazama mara mbili.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Chukua kipande kidogo cha pamba, kivute mpaka kiwe uzi. Mwambie mgonjwa afumbe macho. Gusa doa taratibu, gusa na ngozi nzima, aseme wapi ameguswa. Doa la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Doa la soriasisi linahisi, na wakati mwingine linawasha mpaka mtu hapati usingizi. Akishindwa kuhisi, mlete hospitali bila kuchelewa: ukoma una dawa, inatolewa bure, na unapona. Angalieni kejeli hiyo. Ule tunaouogopa zaidi ndio unaopona.

Hoja ya tatu: chale

Mji wetu unajulikana kwa jina lake. Sumba wanga: tupa uchawi. Wageni wakishuka stendi huuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Mimi huwajibu kwamba jina ni amri, na amri hutolewa pale ambapo jambo lipo. Kwa hiyo sitajifanya kwamba mgonjwa wa soriasisi hapa kwetu anakwenda kwanza zahanati. Wengi huanzia kwa mganga wa jadi, na sitamtukana mganga huyo. Kuna niliosikia wakimfariji mgonjwa vizuri kuliko sisi. Ninalotaka kusema linahusu wembe.

Mwaka 1872 daktari Mjerumani, Heinrich Koebner, aliwaeleza wenzake habari ya mgonjwa wake mwenye soriasisi. Kila mahali ngozi ilipojeruhiwa, soriasisi mpya ilimea palepale, ikifuata umbo la jeraha. Farasi alimng'ata, ikaota palipong'atwa. Akachorwa tatuu, ikafuata mistari ya tatuu. Hali hiyo bado inaitwa kwa jina la Koebner. Jeraha likitokea wakati ugonjwa umechachamaa, siku kumi mpaka ishirini baadaye utaona.

Sasa fikirini chale. Mganga anachanja mistari miwili miwili, kifuani, mgongoni, kwenye viwiko, anasugua dawa. Baada ya wiki mbili, juu ya kila mstari, magamba yanaota yamejipanga kama herufi. Nimewahi kumwona baba mmoja kutoka bondeni upande wa Muze mwenye safu kumi na nne za soriasisi mgongoni, zimenyooka kama zimepigwa rula. Aliambiwa hiyo ni ishara kwamba aliyemroga ana nguvu na anapigana, kwa hiyo achanjwe tena. Akachanjwa tena. Mnaona mtego ulivyo? Tiba inazalisha ugonjwa, na ugonjwa unageuka ushahidi wa utabiri. Hata mimi ningeamini.

Nilimwambia baba yule jambo moja tu: mwaka mzima usiguswe na wembe, wa mganga wala wa kinyozi. Nikaongeza mafuta. Mistari ilififia mmoja mmoja.

Tena chale ni jina moja tu la jeraha. Kusuka nywele kwa kukaza mpaka kichwa kinauma ni jeraha. Jiwe la kusugulia miguu likipitishwa gotini ni jeraha. Mkanda wa ndoo begani, kukwangua magamba kwa kucha au kwa kisu (msicheke, wapo), yote ni yaleyale.

Hoja ya nne: uchache na upweke

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu soriasisi. Humo kuna kiwango cha wagonjwa katika nchi mbalimbali, kikianzia asilimia 0.09 hadi zaidi ya asilimia 11. Ile ya juu ni ya Norway. Ile ya chini kabisa, mabibi na mabwana, ni ya Tanzania, kutokana na utafiti uliofanywa vijijini miaka ya 1990.

Tunaweza kujisifu, na tunaweza kuuliza nani aliyehesabu. Mimi nadhani yote mawili yana ukweli: ugonjwa huu ni haba zaidi kwetu kuliko Ulaya ya kaskazini, na pia wengi wetu tuliandika "mba". Lakini hata tukikubali namba ndogo hiyo kama ilivyo, mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni moja na nusu. Piga hesabu: wagonjwa kama 1,400. Wangejaza ukumbi huu mara kadhaa. Wangapi kati yao mmewahi kuwaona wamekaa pamoja?

Hapo ndipo uchache unapouma. Mwenye kisukari ana jirani mwenye kisukari, anajua chakula chake, anajua kliniki ni Jumanne. Katika kijiji cha watu elfu mbili mwenye soriasisi ni mmoja, pengine wawili, na wanajifunika. Mtu anaishi miaka thelathini hajawahi kuona ngozi nyingine kama yake. Atakosaje kuamini kwamba amechaguliwa na mtu fulani? Mwezi Mei 2014 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio likiutambua ugonjwa huu kuwa sugu, usioambukiza, unaoumiza na usio na tiba ya kuuondoa kabisa, na likataja unyanyapaa kuwa sehemu ya mzigo wake. Azimio halipaki mtu mafuta, najua. Lakini mgonjwa akisikia kwamba mataifa yalikaa Geneva yakataja ugonjwa wake kwa jina, anainua shingo. Nimeona.

Hoja ya tano: baridi, jua na mafuta

Hii ndiyo hoja niliyokuja nayo hasa, kwa hiyo nivumilieni.

Tunaishi juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Shuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Ziwa Rukwa, au shuka magharibi mpaka Kasanga, umeteremka kilomita nzima, na umevua sweta njiani. Mgonjwa wangu mmoja ni mfanyabiashara wa dagaa. Kila akikaa kule chini ziwani, Kirando, mwezi mzima, ngozi yake inatulia. Akipanda huku Juni, magamba yanarudi. Alishawishika kabisa kwamba adui yake anakaa Sumbawanga mjini, mtaa anaujua. Adui yake ni upepo. Juni na Julai hapa hewa ni kavu na baridi, midomo inapasuka hata kwa wasio na ugonjwa wowote. Ngozi kavu hupasuka, ikipasuka imejeruhiwa, na habari za jeraha tumeshazisema.

Kuna jambo la pili. Jua la nyanda za juu lina nguvu. Kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10, na miale hiyohiyo, kwa kipimo, huituliza soriasisi. Hospitali kubwa za nje zina mashine za kuwasimamisha wagonjwa ndani ya taa za miale hiyo. John Updike, mwandishi mashuhuri wa Marekani aliyeugua soriasisi tangu utotoni, alikuwa akisafiri hadi visiwa vya Karibi kulitafuta jua. Sisi tunalo uani, bure, na hatulipati: Juni tumejifunika sweta, koti, kitenge juu ya kitenge, na mwenye soriasisi amejifunika zaidi kwa aibu. Kwa hiyo agizo langu ni hili: tafuta mahali pa faragha, nyuma ya nyumba ambapo ukuta unakinga upepo, funua penye mabaka, kaa dakika kumi. Ongeza kidogo kidogo siku zinavyokwenda. Ngozi isiungue, maana kuungua nako ni jeraha. Agizo hili halimhusu kabisa mwenye ualbino. Kwake jua hili ni hatari, na akiwa na soriasisi aje tuonane.

Sasa mafuta. Nimeleta bakuli, maji, taulo na kopo la mafuta ya mgando, na kijana huyu amekubali kutuazima mkono. Asante, kaka.

Maji yawe ya uvuguvugu. Najua asubuhi ya Julai mnataka yanayotoa mvuke. Hayo yanayeyusha mafuta ya ngozi na kuyaosha. Sabuni ya mche iache kwenye nguo. Tumia sabuni laini isiyo na harufu kali, kidogo, kwapani na palipo na jasho. Penye mabaka maji yanatosha. Usikae majini zaidi ya dakika kumi. Kisha taulo. Tazameni: simsugui, nambonyezea tu, kama unavyokausha uso wa mtoto. Ngozi imebaki na unyevu. Hapo hapo, kabla ya kutafuta nguo, kabla ya kupokea simu, mafuta. Ukichelewa dakika tano umechelewa. Maji yamekwisha ondoka na umebaki kupaka mafuta juu ya ukavu. Paka kwa kufuata vinyweleo viendako. Mchana rudia penye mabaka, usiku rudia tena.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya bei ndogo yasiyo na manukato, yanashinda losheni nyingi za bei kubwa. Na sisi ni wakulima wa alizeti. Mafuta ya alizeti safi, yasiyotumika kukaangia, yanafaa, hasa kichwani. Yapakwe usiku kwenye ngozi ya kichwa, funga kitambaa cha zamani, asubuhi magamba yamelainika, yaoshe bila kukwangua. Magamba yakiwa mazito kama ganda la mti, kuna marhamu yenye asidi ya salisiliki inayoyalainisha. Lami ya makaa ya mawe nayo ni dawa ya zamani na bado inafanya kazi, ingawa inanuka na inachafua shuka. Sweta la sufu lisikae juu ya ngozi. Vaa fulana ya pamba ndani. Mitumba yenye fulana nzuri za pamba ipo tele, na kwa hili sitawalaumu.

Hakuna la ajabu katika haya niliyofanya. Gharama yake mwezi mzima haifiki ya mbuzi. Ugumu wake ni kwamba hayana siku ya kumaliza.

Hoja ya sita: dawa zinazotuliza na zinazolaghai

Nitakuwa mfupi penye kuhitaji daktari. Marhamu ya betametazoni na nduguze ni dawa nzuri ikitumika kwenye mabaka, kwa majuma machache, kisha ipunguzwe. Kipimo: mafuta ya urefu wa pingili ya juu ya kidole cha shahada yanatosha eneo la viganja viwili. Isipakwe usoni wala kinenani bila kuelekezwa, kwa kuwa ngozi hukonda na kuchanika michirizi. Wadogo zangu mnaotumia mkorogo, mmekaa kimya ghafla. Mingi ya mikorogo hiyo ina dawa za jamii hiyohiyo. Mwenye soriasisi akijipaka mwili mzima ili ang'are, atang'ara kweli miezi miwili. Siku akiacha, ugonjwa unarudi na ndugu zake wote.

Vidonge vya prednisoloni ni hatari zaidi, na hapa ndipo lilipo kosa langu la pili. Mama mmoja alikuwa na mabaka mengi. Nikampa prednisoloni, ndani ya wiki mbili ngozi laini, akaniletea kuku. Dawa ikaisha, sikumpunguzia taratibu. Julai wakamleta amefunikwa mablanketi mawili, anatetemeka pembeni ya jiko la mkaa. Tulipomfunua, ngozi yote kuanzia kichwani hadi nyayoni ilikuwa imewaka na kububujika magamba. Tuliyoyakung'uta kwenye shuka yalijaza kikombe cha chai. Ngozi ikiwaka yote namna hiyo inashindwa kuhifadhi joto, na kwenye baridi yetu mtu anaweza kufa kwa kupoa. Alikaa wodini wiki tano. Alipona, nataka kusema. Hapana: alitulia. Kuku yule sijamsahau.

Kwa ugonjwa uliosambaa kuna methotrekseti. Ni vidonge, ni ya siku nyingi, ni ya bei inayobebeka, na inafanya kazi. Inamezwa mara moja kwa wiki. Narudia kwa ajili ya wauguzi na wauza dawa: mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa na kuandikwa kwenye kadi kwa herufi kubwa. Anayeimeza kila siku hutoka vidonda mdomoni, damu inapungua, na anaweza kufa. Hupewa pamoja na asidi ya foliki, na vipimo vya damu na ini hufuatiliwa. Mjamzito haimhusu, wala anayetaka kubeba mimba. Na pombe iachwe. Najua msimu wa ulezi ukifika pombe ya ulezi inapita nyumba kwa nyumba. Ini halijali kwamba ni ya mila. Sindano mpya zinazozima sauti fulani za kinga zipo duniani na zimewabadilishia watu maisha. Bei yake bado iko mbali na mifuko yetu, na sitawatamanisha.

Mambo mawili ya kuchunga, haraka. Soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu mzima itufanye tupime virusi vya Ukimwi, kwa kuwa mara nyingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Na viungo: mkulima anayeamka vidole vimekaza zaidi ya nusu saa, au kidole kimoja kimevimba chote kama ndizi, asidhani ni uchovu wa kupandisha matuta ya ntumba. Karibu theluthi ya wagonjwa hufikwa na baridi yabisi ya soriasisi, na kiungo kikishaharibika hakirudi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa.

Kuna mambo nimeahidiana na wenzangu wa idara, na nayasema hadharani ili mnidai. Kabla ya Krismasi tutabandika kwenye kila zahanati tutakayoweza kuifikia karatasi moja yenye picha za soriasisi kwenye ngozi nyeusi, picha zetu wenyewe, kwa ridhaa ya wenyewe. Tutaanza kuandika jina la ugonjwa kwenye daftari la wagonjwa, tusiandike tena "ngozi" na kupiga mstari. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Februari, nitakuwa na chumba kwa ajili ya wenye soriasisi tu. Sitaki waje kwa dawa. Nataka waonane.

Januari kuna mtoto mmoja wa Katandala anaanza darasa la kwanza. Ana mabaka kwenye magoti yote mawili na kaptura ya shule ni fupi. Bibi yake aliniuliza kama amshonee suruali. Nikamwambia, bibi, aende na kaptura; mimi nitafika siku ya kwanza nizungumze na mwalimu, na kopo la mafuta atalibeba kwenye begi. Mwalimu wake, nimeambiwa, yuko humu ndani. Mwalimu, tukimaliza usitoroke, tuonane.

Sasa maswali. Naanza na mzee pale aliyeinua mkono tangu nilipotaja wembe. Nadhani ni kinyozi.